Kelele Kwenye Redio

Kimulot,
13 Aprili 1997

Shemeji Danson,

Chamge. Najua umeacha kujibu salamu hiyo ya Kikalenjin, lakini mimi nitaendelea kukuamkia hivyo mpaka uchoke. Sisi huku ni wazima. Joan ameingia darasa la kwanza na kila jioni anaandika jina lake ukutani kwa makaa, mama yake anafuta, asubuhi liko tena. Ng'ombe mwekundu amezaa. Mvua imerudi na majani ya chai yanatoka kwa haraka kuliko mikono yetu. Dada yako Abigael anakusalimu, na anauliza kama kikohozi cha mama mkwe kimepungua huko Nakuru.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Zahanati yetu imepata redio ya mawasiliano, ile ya kuongea na hospitali. Watu wa misheni ndio wametupa, pamoja na paneli ya jua na betri mbili za lori. Mimi ndiye katibu wa kamati, na kwa kuwa hoteli yangu imepakana na zahanati, ufunguo wa chumba cha redio ninao mimi. Shida ni kwamba betri zile mbili zimefungwa pamoja, zinatoa volti ishirini na nne, na redio inataka kumi na mbili. Fundi mmoja wa Silibwet alichukua umeme kutoka betri moja tu. Ilienda wiki chache, betri hiyo ikafa, mwenzake ikabaki hai. Tumepewa nyingine, tukaambiwa hakuna ya tatu.

Wewe ndiye fundi wa redio katika ukoo huu. Njoo ututengenezee kitu cha kushusha umeme. Utalala kwetu, dada yako atakupikia mukimo.

Wako,
Benard


Nakuru,
4 Mei 1997

Shemeji Benard, Baba Joan,

Nimefurahi kusikia mko salama. Mama bado anakohoa, lakini ameanza tena kuuza mboga hapa mtaani na hilo limemrudishia mdomo wake wa zamani. Mwambie Abigael asiwe na wasiwasi. Mwambie pia kwamba mama anataka barua yake mwenyewe, si salamu za kupitia kwako.

Kuhusu betri: fundi wenu alikosea. Betri mbili zilizofungwa pamoja hazichotwi moja. Kuna njia mbili za kushusha umeme. Ya kwanza ni kuuchoma ule uliozidi uwe joto. Ni rahisi, lakini ni kama mtu anayemwaga nusu ya maziwa ili ndoo iwe nyepesi, na paneli yenu haina maziwa ya kumwaga. Ya pili ni kuukatakata. Transista inafungua na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde, kisha koili na kapasita zinausawazisha utoke laini. Hiyo haipotezi kitu. Ubaya wake ni kelele. Redio inasikia kule kukatakata, na redio ya mbali kama yenu ina masikio makali.

Nitatengeneza hiyo ya pili, kisha nitalituma sanduku kwa basi. Nitaandika jinsi ya kulifunga.

Mimi mwenyewe sitakuja. Kufika kwenu ni kupita Londiani, na tangu tulipofukuzwa pale kwa ukabila mwaka wa tisini na mbili sijapita na sitapita. Usinisukume, tafadhali.

Danson Gitonga


Kimulot,
22 Juni 1997

Shemeji Danson,

Salamu kutoka kwenye baridi. Asubuhi ukungu hautoki kwenye chai mpaka saa nne, na Joan anaenda shule amevaa sweta yangu. Kuna habari njema. Abigael ni mjamzito. Mtoto anatarajiwa mwezi wa kumi na moja. Alitaka kumwandikia mama mkwe mwenyewe, na bado anasema ataandika, lakini mimi siwezi kukaa na habari kama hiyo mfukoni.

Sanduku lilifika. Tulilifunga kama ulivyoandika. Umeme unatoka volti kumi na mbili bila kupungua na betri zote mbili zinashuka pamoja. Kwa hilo asante. Lakini redio, shemeji! Ukiwasha ni kama mahindi yanakaangwa ndani yake. Nesi wetu, Mokeira, anabandika sikio kwenye spika na bado hapati neno. Hospitali wanasema wao wanatusikia vizuri, au ndivyo tunavyodhani wanasema.

Ungekuja ungesikia kwa masikio yako. Kuhusu Londiani, sikusukumi. Lakini ujue hakuna mtu wa Kimulot aliyewagusa ninyi.

Benard


Nakuru,
9 Julai 1997

Baba Joan,

Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Amesema mtoto akiwa msichana, atafika mwenyewe kumwona, kikohozi au si kikohozi. Mtunze dada yangu. Joan alipozaliwa alivuja damu nyingi, unakumbuka. Safari hii asizalie nyumbani.

Sanduku ulilorudisha nimelifungua. Niliweka dayodi ya kawaida, ile ya kuchajia betri. Ina nguvu lakini ni nzito kufunga. Umeme ukikatwa, yenyewe inachelewa, na kila inapochelewa inapiga kelele. Nimeweka ya haraka badala yake. Koili niliyokuwa nimeizungusha kwenye kijiti inamwaga sumaku pande zote. Nimeizungusha upya kwenye pete, na pete inajifungia mambo yake ndani. Kapasita nimechagua zile zinazopitisha umeme upesi bila kuwa moto, na nimeongeza koili ndogo na kapasita nyingine mlangoni pa kutokea. Yote nimeyatia ndani ya mkebe wa chuma. Hapa kwenye karakana nimeweka redio juu ya mkebe, na nimesikia stesheni ya mbali kama iko chumba cha pili.

Sasa nisikilize vizuri. Kazi hii yote inaharibika kwa waya. Waya kutoka kwenye sanduku hadi kwenye redio usizidi urefu wa mkono wako. Ule wa kwenda na ule wa kurudi uisokote pamoja. Usifunge kitu kingine chochote kwenye sanduku hilo. Waya mrefu ni antena, hata ukiwa umening'inia bure bila kitu mwishoni. Utaitangazia redio kelele zote ambazo mimi nimezifungia kwenye mkebe.

Hakuna wa Kimulot aliyetugusa, ni kweli. Wala hakuna aliyekuja kutuuliza habari zetu.

Danson


Kimulot,
12 Oktoba 1997

Shemeji Danson,

Nimechelewa kuandika, nisamehe. Mvua za mwaka huu si za kawaida. Zinaitwa jina la kigeni kwenye redio, lakini sisi tunaziona kwa macho: mteremko wa jirani yetu Kipkurui umeshuka na vichaka vyake vya chai mpaka kwenye mto. Lori la majani linakwama kila siku. Halafu kuna kampeni. Hotelini kwangu watu hawanywi tena chai kimya, kila mtu ni mgombea.

Abigael amekuwa mzito sana na miguu imevimba kidogo. Mokeira anampima kila wiki na amesema akianza uchungu tuite gari la hospitali mapema, tusingoje.

Sanduku lako lilifanya kazi vizuri tangu Agosti. Tulimsikia Nyaberi, yule anayekaa kwenye redio ya hospitali, mpaka tunamsikia akipiga chafya. Lakini mwezi huu kelele zimerudi, tena zimezidi zile za kwanza. Nadhani kitu ndani ya mkebe kimeoza kwa unyevu. Tutumie dawa yake haraka.

Benard


Nakuru,
26 Oktoba 1997

Baba Joan,

Barua yako imefika leo, kumbe njia zimekatika. Nina wasiwasi kuhusu hiyo miguu. Mama naye.

Nimefikiria kelele hizo tangu asubuhi. Kitu kilichofanya kazi miezi miwili hakiharibiki bila sababu. Ninakushuku wewe kwanza, usikasirike: je, kuna kitu kingine kimefungwa kwenye sanduku? Kuna aliyerefusha waya? Kama hakuna, basi ni kapasita. Zile za mlangoni nilizitoa kwenye televisheni iliyokufa, nikazipima zikaonekana nzima. Huenda zimekauka. Ninakutumia mpya nne, na nimechora mahali pa kuziweka. Fundi wa Silibwet anaweza hiyo.

Mkibanwa kabla hazijafika, fanya hivi: likate sanduku kabisa, funga redio kwenye betri moja kwa dakika chache tu, msikilize, kisha rudisha. Betri haitakufa kwa dakika chache.

Mwambie Abigael nimeota amekuja Nakuru amebeba kikapu cha mayai na anagombana na kondakta. Atacheka.

Danson


Kimulot,
30 Novemba 1997

Danson,

Umesikia kutoka kwa watu wa basi kabla ya kupata barua yangu, na hilo si kosa langu. Barabara ndiyo inaamua nani anajua nini.

Mtoto alikuwa mvulana. Abigael alianza uchungu Jumanne alfajiri. Mokeira alimtazama akasema mtoto amelala vibaya, ita gari. Niliita mimi mwenyewe. Niliita, nikaachia kitufe, nikasikiliza. Mahindi yanakaangwa. Niliita tena. Katikati ya kelele tulisikia kitu kama sauti ya mtu, tukasema sawa, wametusikia, gari linakuja. Tukangoja. Watu walisimama barabarani na machela tayari, wakimngoja dereva. Saa nne, saa sita. Saa nane tuliamua kumbeba. Tulikuwa hatujafika nusu ya mteremko mtoto alipoacha kucheza tumboni. Abigael walimwokoa hospitalini siku ya pili, baada ya kumvusha mto kwa kamba. Yuko nyumbani.

Barua yako na zile kapasita zilifika siku tatu baada ya kuzika.

Umeuliza kama kuna kitu kingine kilikuwa kimefungwa kwenye sanduku. Hakuna. Umeuliza, nimejibu. Wewe mwenyewe uliandika kwamba ulitoa vitu kwenye televisheni iliyokufa ukatutilia sisi.

Usimwambie mama mkwe haya ya mwisho.

Benard


Nakuru,
14 Desemba 1997

Shemeji,

Pole. Nimeandika neno hilo mara nyingi nikachana karatasi, kwa maana halitoshi na sina jingine. Mama amelala siku mbili akitazama ukuta. Alikuwa amefuma kofia.

Nilizipima zile kapasita kabla ya kuziweka. Nilizipima baridi. Sikuzipima zikiwa moto, wala baada ya kukaa. Fundi mwangalifu angenunua mpya. Sasa redio za watu zimejaa juu ya meza yangu na siwezi kufungua hata moja.

Usinijibu kama hutaki. Barabara ikifunguka baada ya uchaguzi nitakuja, kwa Londiani hiyo hiyo. Nataka kuona sanduku langu kwa macho.

Mwambie Abigael kaka yake anamwomba radhi.

Danson


Kimulot,
1 Machi 1998

Danson,

Sitakuuliza habari za nyumbani kwa sababu habari za nyumbani kwangu unazo wewe.

Ulikuja hapa kama mgeni. Nilikuchinjia. Ijumaa asubuhi nikakuacha na ufunguo wa chumba cha redio, nikaenda kituo cha kununulia majani kwa sababu ilikuwa zamu yangu ya kupima. Nilirudi jioni nikakuta moto umezimwa, ng'ombe hajakamuliwa, nguo za Joan hazipo kwenye kamba. Jirani ndiye aliyeniambia mke wangu amepanda gari na kaka yake. Jirani! Wewe si mtu wa kunisubiri uniage? Huko kwenu ndivyo mke wa mtu anavyochukuliwa?

Nimenyamaza wiki mbili nikidhani amekwenda kumwona mama mkwe na atarudi. Hajarudi, hajaandika. Nieleze nilimkosea nini. Mtoto alikuwa wangu pia.

Benard


Nakuru,
15 Machi 1998

Benard,

Una haki ya kujua, na sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka hasira ipungue. Haijapungua, lakini nitakueleza kwa utaratibu.

Ulipoondoka nilifungua chumba. Nilikuwa na kapasita mpya, chuma cha kulehemu, kila kitu. Kabla ya kugusa chochote niliwasha redio, ili nisikie kelele ile iliyomwua mtoto wa dada yangu. Miezi mitatu nilikuwa nimeisikia usingizini. Nikawasha, Benard, na hapakuwa na kelele. Redio ilikuwa safi. Kapasita ni zile zile, za televisheni iliyokufa. Mkebe haujafunguliwa, rangi niliyopaka kwenye skrubu ilikuwa nzima.

Nilikaa chini. Kisha nikaona misumari. Imepigwa kwenye ubao wa dari kuanzia juu ya sanduku, ikatoka dirishani, ikafuata ukuta hadi kwenye paa la hoteli yako. Waya ulikuwa umeng'olewa, misumari imebaki na vipande vya plastiki. Nilihesabu hatua toka dirishani hadi kwako nikaacha kuhesabu, kwa maana nilishajua.

Abigael aliniletea chai. Nikamwuliza, hii misumari ni ya nini? Hakuwa na habari kwamba ni swali kubwa. Alisema, "Hiyo? Ilikuwa ya televisheni ya hoteli. Baba Joan aliiweka mwezi wa kumi watu waone mambo ya kampeni. Aliitoa baada ya kuzika, akasema hataki tena kelele za siasa."

Nilikuwa nimeamua nitanyamaza, nimalize chai, nikungoje wewe, tuongee wawili. Ili mikono yangu iwe na kazi, nikashika kipaza sauti nikaita hospitali kufanya majaribio.

Akajibu Nyaberi. Sauti yake ilijaa chumba. Akasema, "Kimulot! Tangu mwaka jana hamjaniita. Leo mnanisikia?" Nikamwambia tunasikia vizuri sana. Halafu akasema, na Abigael amesimama mlangoni na birika mkononi:

"Afadhali. Siku ile ya yule mama niliwaambia mpaka koo likakauka. Daraja limekatika, gari haliwezi kupanda, msingoje, mleteni mtoni. Ninyi mnaniita tu, mnaniita tu, kama hamnisikii. Dereva alikaa pale ng'ambo na wauguzi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Hakuna mtu aliyeshuka."

Kutoka zahanati hadi mtoni ni mwendo wa saa moja kwa machela. Wewe unajua kuliko mimi.

Nilizima. Abigael aliweka birika chini polepole. Aliniuliza, "Ni ule waya?" Nikatundika kipaza sauti. Akasema, "Danson, wewe ni fundi. Ni ule waya?" Nikamwambia waya mrefu ni antena. Hayo tu. Akaenda nyumbani akatoa nguo za Joan kwenye kamba zikiwa bado mbichi.

Sikumchukua. Nilimwambia akungoje. Alisema, "Nikimngoja ataniambia tena hakuna kitu kilichofungwa."

Kumbe alikuwa ameisoma barua yako ya Novemba kabla hujaipeleka posta. Wewe ulidhani analala.

Danson


Kimulot,
5 Aprili 1998

Danson,

Nimesoma. Nimesoma mbele ya mlango, nikasoma tena ndani.

Televisheni ilikuwa ndogo. Haikula umeme hata nusu ya redio. Siku ile ilikuwa imezimwa, sikuiwasha tangu Jumapili, uliza mtu yeyote. Nitajuaje mimi kwamba waya uliozimwa unapiga kelele? Ndiyo, uliandika. Uliandika mambo mengi. Dayodi, koili, pete. Mimi ni mkulima. Nilisoma barua ile kwa haraka mlangoni mwa posta, mvua inanyesha, nikaona kwamba sanduku limepona, nikashukuru Mungu.

Na uliponiuliza mwezi wa Oktoba, swali lako lilinifikia mtoto yuko chini ya udongo. Ungejibu nini kama ungekuwa mimi? Kila mtu kwenye kamati alikuwa amenitazama mazishini. Mama yangu alikuwa ananitazama. Nilihitaji kitu kimoja katika dunia hii ambacho si mimi, na sanduku lako lilikuwa hapo.

Lakini usijivue lawama wewe. Niliandika mwezi wa nne nikakuita. Niliandika mwezi wa sita. Ungekuja hata siku moja tu, ukasimama katika chumba kile, ukaniambia kwa mdomo, Benard, usiguse hapa, ningegusa? Mtu haogopi karatasi. Ulikuwa na miguu ya kupita Londiani. Ulisubiri mpaka kuwe na kaburi ndipo ukaipata.

Mwambie Abigael nimeng'oa misumari.

Benard


Nakuru,
3 Mei 1998

Benard,

Nimekusikia juu ya Londiani. Gari lilipopita pale nilitazama dirishani. Nyumba yetu ina mabati mapya na mama fulani alikuwa anaanika mahindi. Basi. Dakika mbili tukawa tumepita. Kwa ajili ya dakika mbili.

Nilimpa Abigael barua yako. Aliisoma, akaikunja, akamrudia mteja aliyekuwa anangoja kabichi. Jioni niliuliza kama ana jibu. Alisema, "Kama angeniambia siku ile ile, kabla hatujaenda kaburini, ningemchukia mwaka mmoja. Lakini ningemchukia nikiwa nyumbani kwangu." Sijui kama hilo ni jibu. Sikumwuliza tena.

Joan anakwenda shule hapa. Anakusalimu. Ana meno mawili mapya.

Mama amesema niandike kwamba hakukatazi kuja kumwona mtoto. Uje mchana, na usije na watu.

Danson


Kimulot,
19 Julai 1998

Shemeji Danson,

Chamge. Natumai mama mkwe amepata nafuu na baridi ya huko si kama ya huku. Asante kwa kuniacha nikae na Joan siku ile. Abigael alinipa chai kama mgeni, kwenye kikombe cha wageni, na nikaelewa.

Nakuandikia jambo moja tu. Alhamisi, Janeffer, mke wa Kipkurui, alianza uchungu na mtoto amelala vibaya, kama yule wetu. Mokeira alikuja hotelini kuchukua ufunguo. Nilimwambia aite yeye, mimi sitaingia. Akasema mikono yake ina kazi. Nikaingia. Niliita mara moja. Nyaberi akajibu mara moja, akasema gari liko safarini kwingine, msingoje, mshusheni hadi barabara kuu, mtakuta gari la pili. Nilisikia kila neno. Sanduku lako halikutoa hata pumzi. Nikatoka mbio nikapiga kelele, wanaume wakashika machela, nami nikashika mpini mmoja wa mbele. Tulishuka bila kupumzika. Gari lilikuwa pale.

Wamepata mvulana. Jumamosi walirudi naye, na watu wakaimba kuanzia barabarani mpaka juu. Kipkurui alinishika mkono mbele ya kamati yote akasema mtoto huyu ni wa redio ya Benard. Wakapiga makofi. Kamati imesema niendelee kukaa na ufunguo.

Nilikataa kubaki kwenye sherehe, nikawaambia nina ng'ombe wa kukamua. Nilifika nyumbani, nikawasha moto, nikapika ugali wa mtu mmoja.

Benard